Wakili wa Tiketi, Bili na Barua za Kuachishwa Kazi

(Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, bwaloni hapa Bukoba. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo tumezifupisha. – Mhariri)



Mkuu wa Shule aliponiandikia kuniomba nije kuzungumza juu ya kazi ya sheria, aliongeza mstari mmoja chini ya sahihi yake: nisizidi nusu saa, kwa sababu wanafunzi watakuwa hawajala. Nauheshimu mstari huo. Nilipokuwa kidato cha pili alikuja mgeni mmoja hapa akahutubia mpaka maharage yakapoa. Sikumbuki hata neno moja alilosema, lakini maharage yale nayakumbuka hadi leo.

Basi niingie katika mada. Kijana akisikia neno "wakili" humwona mtu aliyevaa joho jeusi, ameinua kidole, anamtetea mtu aliyeshtakiwa kwa kuua. Mimi pia ndivyo nilivyodhani. Nimefanya kazi ya sheria kwa miaka karibu ishirini sasa, yote katika utumishi wa umma isipokuwa ule mwanzo mfupi, na kesi za mauaji nilizosimamia ni sifuri. Kazi yangu imekuwa ni tiketi za mabasi na meli, bili za maji na umeme, na barua za kuachishwa kazi. Kwa lugha ya ofisini huitwa sheria ya kazi, sheria ya usafirishaji, na sheria ya huduma zinazodhibitiwa. Mke wangu huiita sheria ya makaratasi machafu, kwa kuwa wateja wa namna hii huleta ushahidi wao umekunjwa mara nane ndani ya mfuko wa shati.

Nitawaeleza nilivyoingia humo, kisha nitawasimulia shauri moja nililoshinda.

Mimi ni mtoto wa Muleba. Wazee wangu ni wakulima wa migomba na kahawa, na katika ukoo wetu aliyejulikana kwa kusafiri alikuwa mjomba mmoja tu, mfanyabiashara wa ndizi. Alikusanya mikungu huko vijijini, akaiteremsha Kemondo, akaipakia melini kwenda Mwanza. Jioni ya tarehe 20 Mei, 1996 alipanda MV Bukoba pale Kemondo. Asubuhi ya tarehe 21 meli ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Wanafunzi wenzangu wa wakati ule wanakumbuka: redio ilikuwa katika ofisi ya walimu, na tulisimama nje ya dirisha, shule nzima, hakuna aliyetufukuza. Ukisimama pale uwanjani unaliona ziwa na kisiwa cha Musira. Siku ile ziwa lilikuwa limetulia, na utulivu ule ulituudhi.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Vijana, tazameni hesabu hiyo, kwa maana humo ndimo sheria ya usafirishaji ilimo. Serikali iliunda Tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza, na baadaye kesi ya jinai ikasikilizwa Mwanza, washtakiwa wakaachiwa huru. Hayo yako katika kumbukumbu za nchi. Lililonigusa mimi lilikuwa dogo zaidi. Mwili wa mjomba haukuonekana, au kama ulionekana haukutambuliwa; pengine amelala Igoma pamoja na wale waliozikwa kwa pamoja. Mkewe alipokwenda kuulizia haki zake, kila mlango aliobisha aliulizwa swali lile lile: una ushahidi gani kwamba mumeo alipanda? Jina lake halikuwa katika orodha yoyote. Wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Mashahidi waliomwona akipanda walikuwa wamepanda pamoja naye.

Nikaona mama yule akirudi nyumbani na bahasha tupu, nami nikiwa kijana wa kidato cha tatu, nikafahamu kwamba mtu anaweza kufa mara mbili, mara moja majini na mara ya pili kwenye daftari. Sijui kama siku ile ndiyo niliyoamua kusoma sheria. Watu hupenda kusema hivyo katika hotuba. Lakini nilipojaza fomu ya Chuo Kikuu baada ya kidato cha sita, mkono wangu ulikwenda hapo bila kusita.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na Kitivo cha Sheria peke yake, na wenzetu wa uhandisi hawakupenda tuwakumbushe. Huko nilikuta somo ambalo wengi walilikimbia: sheria ya kazi. Walisema halina fedha, na kwa miaka mingi walikuwa na haki ya kusema hivyo. Chini ya sheria ya kulinda ajira ya mwaka 1964, mfanyakazi aliyefukuzwa alikwenda kwenye baraza la usuluhishi, kisha kwa Waziri, na neno la Waziri lilikuwa la mwisho. Mahakama za kawaida zilifungiwa mlango, na wakili hakuwa na kiti barazani. Nia haikuwa mbaya: ilidhaniwa kwamba mfanyakazi na mwajiri wakizungumza bila mawakili watapatana upesi na kwa gharama ndogo. Tena ulikuwapo utaratibu wa kamati za wafanyakazi, na ulipotoka Mwongozo wa TANU mwaka 1971 wafanyakazi wengi walizitumia kuwauliza wakubwa wao maswali ambayo hayakuwa yameulizwa tangu Uhuru. Lakini haki inayokomea mezani pa Waziri hutegemea meza hiyo ina mafaili mangapi.

Walikuwapo wanasheria waliolishughulikia jambo hili hata hivyo. Jaji Francis Nyalali, kabla ya kuwa Jaji Mkuu mwaka 1977, aliwahi kuongoza Baraza la Kudumu la Kazi, kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba kesi za vibarua ni za mawakili walioshindwa. Profesa Issa Shivji, aliyefundisha pale Mlimani kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1986 kitabu kizima juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi katika nchi yetu. Tulikisoma kwa zamu, maana nakala zilikuwa chache na zimechakaa.

Nikiwa mwaka wa tatu, 2004, Bunge likatunga sheria mbili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7. Zilianza kutumika baada ya mimi kuhitimu. Ikazaliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mfanyakazi huanza kwa kujaza Fomu Namba Moja, kisha husuluhishwa, na usuluhishi ukishindikana shauri huamuliwa. Na ikazaliwa Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Wakili akapewa kiti. Sisi tuliotoka chuoni wakati ule tulikuwa na bahati ya pekee: sheria ilikuwa mpya kwa kila mtu, hata kwa wazee wenye mvi, kwa hiyo kijana aliyeisoma jana alikuwa sawa na wakili wa miaka thelathini. Bahati ya namna hiyo huja mara moja.

Nilianza Mwanza kama mwanafunzi wa vitendo katika ofisi ya wakili mmoja wa kujitegemea. Mteja wangu wa kwanza alikuwa dereva wa basi, mtu wa hapa Bukoba, aliyefanya kazi miaka sita na kufukuzwa kwa simu. Hakuwa na mkataba. Hakuwa na hati ya mshahara. Alikuwa na leseni yake, na karatasi za safari zenye namba ya gari na tarehe. Alikuja amekata tamaa, akiamini kwamba asiye na mkataba hana kazi, na asiye na kazi hawezi kufukuzwa.

Sheria inasema kinyume. Wajibu wa kuandika masharti ya kazi ni wa mwajiri, na asipoyaleta yale maandishi panapotokea mgogoro, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Tuliweka karatasi zile za safari mezani, nikanyamaza, na mwenye basi akatazamana na wakili wake. Walilipa siku 28 za notisi, na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka, yaani siku 42 kwa ile miaka sita, pamoja na mishahara aliyokuwa anadai. Najua miongoni mwenu humu wapo wenye mabasi. Nawaona mnaangalia viatu. Sisemi kwa kuwalaumu. Mwaka 2015, mwezi wa Aprili, madereva wa mabasi waligoma karibu nchi nzima, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa ni hilo hilo la mikataba. Abiria aliyelala kituoni siku ile alilaani mgomo. Lakini dereva asiye na mkataba, anayelipwa kwa safari, ndiye anayekimbiza gari mteremkoni usiku. Sheria ya kazi na sheria ya usafirishaji hukutana hapo, nyuma ya usukani.

Baada ya hapo nikaajiriwa Serikalini, na humo nikajifunza habari ya huduma: umeme na maji.

Hili nitalipita haraka, ingawa ndilo lenye hesabu nyingi. (Mwalimu wangu wa hesabu yupo hapa, na anajua alama nilizokuwa napata. Mwalimu, nimelipa deni.) Wengi wenu mmekua mkiwasha taa bila kujua umeme unatoka wapi. Mkoa wetu kwa miaka mingi haukuwa katika gridi ya Taifa, bali ulipata umeme kutoka Uganda, kwa njia ya msongo wa kilovoti 132 kutoka Masaka mpaka Kyaka. Kyaka ni pale pale ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Mto Kagera mwaka 1978. Nani angefikiri wakati ule kwamba tungekuja kununua mwanga kutoka upande ule ule? Taa ikizimika Muleba kwa hitilafu ya ng'ambo ya mpaka, mwananchi hulaumu ofisi iliyo karibu naye, na yuko sahihi, kwa kuwa mkataba wake ni na ofisi hiyo. Ule mkataba wa pili, baina ya mnunuzi na muuzaji wa nchi mbili, ndio unaowaweka mawakili macho. Hali kadhalika Rusumo, wilayani Ngara: megawati 80 zinazogawanywa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Maji yanateremka yenyewe, lakini kila kipengele cha kuyagawa kimeandikwa na mtu.

Bei nazo hazipangwi gizani. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 inataka mtoa huduma apeleke maombi, yatangazwe, na taftishi ifanyike mbele ya wananchi. Niliwahi kukaa meza ya mbele katika mkutano wa namna hiyo, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, nikiwa upande wa mamlaka iliyotaka kupandisha bei ya maji. Tulikuwa na vitabu vitatu vya takwimu. Akasimama mama mmoja muuza samaki akauliza: "Maji yanayovuja kwenye mabomba yenu yanalipiwa na nani?" Wataalamu walizungumza dakika ishirini. Jibu fupi lilikuwa: wewe mama. Swali lake ndilo lililopunguza ombi letu. Kwa hiyo mkisikia tangazo la taftishi hapa Bukoba, nendeni. Na mwenye malalamiko juu ya bili aanze kwa mtoa huduma, kwa maandishi, abaki na nakala. Asiporidhika aende EWURA. Na asiporidhika huko lipo Baraza la Ushindani. Atakayeanzia kwa kugombana na msoma mita anapoteza jasho.

Sasa nifike kwenye shauri nililoahidi.

Mwaka 2011 nilikuwa afisa sheria wa taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja, wala nisingependa muikisie. Mfanyakazi wake mmoja, baharia wa kawaida, mtu wa makamo, aliachishwa kazi baada ya miaka kumi na tisa. Aliajiriwa hapa Bukoba akapelekwa kufanya kazi Mwanza. Pamoja na kulalamikia kuachishwa kwake, alidai jambo jingine dogo: nauli ya kumrudisha yeye na mizigo yake mpaka alikoajiriwa, pamoja na posho ya siku alizosubiri. Dai hilo ni la kisheria kabisa. Limeandikwa waziwazi katika sheria ya 2004.

Nilipolisoma faili lake niliona kitu kimoja, na nakiri kwamba nilifurahi. Mtu aliyeachishwa kazi hupewa siku 30 tu kufikisha lalamiko lake kwenye Tume. Yeye alikuja siku ya 47. Alikuwa ameomba aongezewe muda, na sheria inaruhusu kuomba, lakini mwombaji hutakiwa kueleza sababu za kuchelewa, na mahakama zetu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba ni lazima aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa moja. Kiapo chake kilikuwa na aya nne. Kilisema alifiwa na mama yake, na kwamba alikuwa mgonjwa. Hakuna tarehe, hakuna karatasi ya hospitali. Kilichapwa na mwandishi wa barua wa kando ya barabara, kwa Kiingereza cha kuvunjika.

Nikampinga. Nilisimama nikasema kwa ufasaha kwamba siku kumi na saba hazikuelezwa. Nilitaja kesi nne. Mlalamikaji hakuwa na wakili. Alipoambiwa ajibu alisema tu kwamba aliyoyaandika ni kweli. Uamuzi ulisomwa wiki mbili baadaye, kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Siku hizi mambo yamebadilika: mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama na mabaraza yetu, na nimekwisha kuona faida yake kwa macho. Lakini hiyo ilikuwa 2011. Mzee yule alisimama wima, mikono nyuma, akasikiliza kurasa tano za lugha asiyoijua, akitikisa kichwa kwa heshima kila mwamuzi alipopumua.

Tulipotoka ukumbini alinifuata. Alikuwa amekwisha kutambua kwa jina langu kwamba mimi ni wa kwetu. Akanisalimu kwa Kihaya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wamesemaje? Nimepata?"

Ndugu zangu, hakuna somo la Mlimani linalofundisha namna ya kujibu swali hilo pale unapokuwa wewe ndiye uliyemshinda mtu. Nilimwambia hapana, mzee, hukupata. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa sababu ya siku kumi na saba. Akauliza, "Siku zipi?"

Akafungua mfuko wa rambo aliokuja nao akatoa daftari. Lilikuwa daftari gumu la mistari, lile tulilotumia hapa shuleni. Alinieleza kwamba tangu mwaka ule wa MV Bukoba alijiwekea desturi ya kuandika kila siku: meli gani, imeondoka saa ngapi, amehesabu vichwa vingapi langoni. Hakuna aliyemtuma. Alisema alimpoteza mtu katika meli ile, nami sikumuuliza ni nani. Akafungua kurasa za mwisho, akanipa nisome. Zimeandikwa nusu Kihaya nusu Kiswahili, na zilikuwamo zote. Siku aliyopokea barua. Siku ilipofika habari ya mama. Siku ambayo meli haikuondoka. Siku aliyofika Kemondo. Maziko. Siku za matanga, moja moja. Siku aliyoanza homa, siku aliyolazwa Rubya, siku aliyotoka. Siku aliyouza baiskeli apate nauli ya kurudi Mwanza. Siku aliyofika akakuta ofisi imefungwa kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Kila siku ilikuwa na mstari wake. Alikuwa na ushahidi ule mapajani muda wote nilipokuwa nikisema kwamba hana.

Nilimuuliza kwa nini hakuutoa. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza."

Sitaki mnielewe vibaya. Wakili hana ruhusa ya kumsaidia mpinzani kumshinda mteja wake, na kwa sheria ilivyo nilikuwa na haki ya kuweka pingamizi lile. Ningeulizwa na kamati ya maadili ningejibu bila wasiwasi. Lakini yako mambo mawili. La kwanza, ile nauli na posho alizodai, taasisi ilikuwa inadaiwa kweli. Nilijua inadaiwa. Ningeweza kumwandikia mkuu wangu aya moja tu: hili tulilipe, tubishane juu ya yale mengine. Sikuandika, kwa sababu pingamizi lilikuwa tamu na lilifuta yote kwa pamoja. La pili, niliingia katika kazi hii kwa ajili ya mama aliyeulizwa orodha ambayo hakuwa nayo. Miaka kumi na mitano baadaye mimi ndiye niliyekuwa nimekaa upande wa pili wa meza, nikimuuliza mtu mwingine orodha, na orodha alikuwa nayo.

Nilimwambia pale kibarazani ambacho ningeweza kumwambia mtu yeyote: kwamba ana wiki sita kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ipitie uamuzi ule, na kwamba atafute wakili, ampe lile daftari kabla ya kumpa kitu kingine chochote. Nikamwandikia kwenye karatasi tarehe ya mwisho. Alinishukuru. Akasema nauli ya kurudi tena Mwanza ni ngumu, ila ataona.

Wiki sita zile nilizihesabu. Kila asubuhi nilipoingia ofisini niliuliza kama kuna hati yoyote iliyoletwa. Siku ya 42 ilikuwa Ijumaa. Nilibaki ofisini mpaka mlinzi akaja na funguo. Hakuna kilicholetwa.

Pengine angekuja asingefanikiwa. Mahakama haipendi ushahidi uliosahauliwa nyumbani. Sijui. Tangu siku hiyo nimekuwa na kawaida moja ambayo wenzangu ofisini wananicheka kwayo. Faili la mfanyakazi likija mezani, kabla ya kuhesabu siku zake, naandika juu ya jalada kwa penseli: "Tunadaiwa?" Ikiwa jibu ni ndiyo, naishauri taasisi ilipe hicho inachodaiwa, kisha ndipo nitafute mapingamizi kwa yanayobaki. Mara nyingine hunikubalia, mara nyingine hunikatalia. Mwaka 2018, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilipoundwa nami nikahamishiwa katika kazi ya kuitetea Serikali mahakamani, nilihama na penseli yangu.

Mzee yule nilimtafuta. Nilipata habari zake mwaka 2019, nilipokuwa likizo kwetu Muleba. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kijana wake alinikaribisha, akaniletea kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, nikamuuliza juu ya madaftari. Alisema yapo, yamejaa sanduku, na kwamba wakati MV Nyerere ilipozama kule Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220 katika kivuko cha abiria 101, walimfungulia redio mzee akiwa kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani alikuwa anahesabu langoni.

Nimesimama hapa mbele yenu miaka kadhaa baada ya ile ndege ya Precision Air kuanguka ziwani, pale karibu na kiwanja chetu, asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022. Wengi mliiona kwa macho. Walikufa watu 19, na haya si mambo ya kupima msiba mmoja kwa mwingine. Lakini saa chache baada ya ajali kila mtu alijua idadi: abiria 39, wahudumu na marubani wanne, jumla 43, wavuvi na wengine waliookoa walijua wanatafuta wangapi zaidi. Hakuna mjane aliyeulizwa kama mumewe alipanda. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akaandika kanuni inayosema kila jina liandikwe, na mtu mwingine akasimama mlangoni akaitimiza. Vijana, hiyo ndiyo kazi ninayowaitieni. Haina joho mara nyingi.

Kwa wale watakaotaka njia yenyewe, ni hii. Kidato cha sita, msidharau Kiingereza wala hesabu; kisha shahada ya sheria, kisha Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar es Salaam, iliyoanza kuchukua wanafunzi mwaka 2008 na ambayo huwaangusha wengi katika mtihani wa mara ya kwanza, msiogope; kisha kuapishwa na Jaji Mkuu. Wengine watakwenda kujitegemea, wengine Serikalini. Katika vyama vya wafanyakazi kuna upungufu mkubwa wa wanasheria, na mishahara yao si mikubwa, nawaambieni mapema. Visiwa vyetu vya Muleba, Bumbire, Goziba, Ikuza, vina maelfu ya watu wanaofanya kazi kwenye mitumbwi ya watu wengine bila karatasi hata moja, na sijawahi kukutana na wakili aliyefungua ofisi huko.

Mkuu wa Shule ameangalia saa mara mbili. Nitakuwa chini ya ule mwembe wa karibu na jiko mpaka saa kumi. Nimewaona wafanyakazi wawili wa shule na dereva aliyetuleta kutoka stendi wakinong'ona tangu nilipotaja siku thelathini, na mmoja wao ana bahasha. Aje nayo, hata kama imekunjwa mara nane, na aje kabla ya chakula.